HOSPITALI HUANZIA NYUMBANI
Somo la vikundi: tujifunze kutoka historia ya Hospitali ya Tenwek



Somo letu safari hii ni juu ya hospitali. Msiogope, sitaki kuwafundisha udaktari. Mimi si daktari wala muuguzi. Kazi yangu ni kuketi na vikundi chini ya mti, tuulizane maswali. Lakini katika kazi hii nimeona watu wengi wakifika hospitali wakiwa wamechelewa, na wengine wakikosa kufika kabisa. Kwa hiyo nataka tuulizane: hospitali kubwa inaweza kutufanyia nini, na nini haiwezi kutufanyia mpaka sisi wenyewe tufanye?

Lengo la somo: Tukimaliza, kila mwanachama aweze kueleza hospitali moja kubwa ya jamii ilivyoanza na ilivyokua, ataje mambo matatu yanayomchelewesha mgonjwa, na kikundi kiwe na mpango wake ulioandikwa.

Muda: Saa mbili. Mkiona ni mrefu, gawanyeni somo kwa mikutano miwili.

Vifaa: Karatasi kubwa, kalamu, na daftari la mweka hazina. Daftari hilo msilisahau.

KISA CHA KUANZIA
(Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize.)

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha akina mama. Sitataja mahali. Kilikuwa kikundi kizuri sana: walikutana kila Jumamosi, hesabu zao zilikuwa safi, na pesa zao walizitunza ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zilishikwa na watu watatu tofauti, ili mtu mmoja asiweze kufungua peke yake. Mimi mwenyewe nililikagua sanduku hilo na kulisifu mbele ya wote.

Mwanachama mmoja alikuwa na mimba ya mtoto wa nne. Uchungu ukamshika jioni. Mama mkwe akasema, "Tungojeni kwanza, wale watatu si walizaliwa hapa hapa?" Wakangoja. Usiku wa manane damu ikaanza kutoka nyingi. Mume akakimbia kutafuta gari. Mwenye gari akataka pesa kwanza. Mume akaenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti akaenda kwa mweka hazina, lakini mwenye ufunguo wa tatu alikuwa amesafiri kwa binti yake. Basi pesa zikakaa ndani ya sanduku, na mama akakaa kitandani. Gari lilipatikana alfajiri. Alifariki njiani, na mtoto pia.

Tulimzika siku ya tano. Katika siku hizo tano watu walichanga jeneza, mahema, chakula, na basi la kuleta jamaa. Watu walijitoa kweli kweli. Baadaye mweka hazina alinionyesha daftari, akaniambia polepole, "Angalia, dada. Hizi zingelipa lile gari mara ngapi?" Sikuweza kumjibu.

Hakuna aliyekuwa mbaya katika kisa hiki. Mama mkwe alimpenda mkaza mwanawe. Mume alikimbia usiku kucha. Hata mwenye ufunguo hakukosa lolote. Na mimi niliyelisifu sanduku sikuwahi kuuliza swali moja dogo: "Mtu akishikwa usiku, tutafungua vipi?"

Maswali ya kujadiliana:
1. Nyamazeni kwa dakika moja. Kisha mjiulize: kisa kama hiki kimewahi kutokea kwetu?
2. Mama huyu alicheleweshwa mara ngapi, na wapi?

Majibu ya swali la pili yaandikwe kwenye karatasi kubwa. Tutayarudia.

SEHEMU YA KWANZA: TENWEK ILIVYOANZA

Sasa twende Bomet, kusini magharibi mwa Kenya, katika nchi ya Wakipsigis. Karibu na mji wa Bomet, juu ya mto Nyangores, iko Hospitali ya Tenwek. Mto huu unaingia mto Mara, ule unaopita katika mbuga ya Maasai Mara. Tenwek ni hospitali ya wenzetu wa kanisa la Africa Gospel. Nimeichagua kwa sababu historia yake inafundisha vizuri, na ugonjwa hauulizi mtu ni wa kanisa gani.

Tenwek haikuanza kama hospitali kubwa. Ilianza mwaka 1937 kama kliniki ndogo ya wamisionari wa World Gospel Mission kutoka Marekani. Kwa zaidi ya miaka 20 hapakuwa na daktari. Wauguzi ndio waliofanya kila kitu: kuzalisha, kufunga vidonda, kutibu malaria na nimonia. Hapa tusimame kidogo. Wengine wetu tukikuta zahanati yetu haina daktari tunasema, "Hapa hakuna kitu," na tunarudi nyumbani. Kumbe hospitali inayosifiwa leo nchi nzima ilishikiliwa na wauguzi kwa miaka hiyo yote.

Mwaka 1959 alifika daktari wa kwanza, Ernest Steury. Kwa karibu miaka 10 alikuwa daktari wa pekee pale. Mchana wodi, usiku upasuaji, na akina mama wa kujifungua hawana saa. Hebu fikirini: daktari mmoja kwa watu wa vilima vyote vile. Steury alitumikia Tenwek kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2002.

Hospitali ikakua. Wodi zikaongezwa, madaktari wengine wakaja. Lakini wagonjwa nao wakaongezeka. Vitanda vinajengwa, vinajaa. Hapo ndipo watu wa Tenwek wakaanza kujiuliza swali ambalo ndilo kiini cha somo hili.

SEHEMU YA PILI: KITANDA PEKE YAKE HAKITOSHI

Mtoto analetwa na kuhara, macho yamezama, ngozi imekauka. Anawekewa maji ya mshipa, anapona, mama anashukuru, wanarudi nyumbani. Nyumbani ni wapi? Ni kwenye kisima kile kile kinachonywewa na ng'ombe, na boma lile lile lisilo na choo. Baada ya muda mtoto yuko hospitali tena. Anatibiwa tena. Anarudi tena kwenye maji yale yale.

Hivyo ndivyo Tenwek walivyoona: wagonjwa wengi waliojaza vitanda walikuwa na magonjwa ambayo yangezuiwa nyumbani. Kuhara, minyoo, surua, malaria, utapiamlo. Daktari hodari anamtibu mtoto, lakini hawezi kuchimba choo katika kila boma.

Wakati huo ulimwengu mzima ulikuwa ukizungumza jambo hili. Mwezi wa Septemba 1978 wajumbe wa nchi nyingi walikutana Alma-Ata, mji ambao leo uko katika nchi ya Kazakhstan na unaitwa Almaty. Mkutano huo uliitishwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Walikubaliana kwamba afya ianzie mahali watu wanapoishi, na kwamba wananchi wana haki na pia wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza mambo ya afya yao.

Mwaka 1983 Tenwek ikaanzisha mpango wa afya ya jamii. Wafanyakazi wakatoka hospitalini wakaenda vijijini. Watu wa vijiji wakachagua wenzao wa kufundishwa, nao wakawafundisha majirani: jinsi ya kulinda chemchemi, kuchimba choo, kuwapeleka watoto chanjo, kulisha mtoto chakula cha kutosha, kumpa mtoto anayehara maji ya chumvi na sukari mapema.

Ninyi mnaofanya kazi za kujitegemea mnaelewa kwa nini wanakijiji walichagua wenyewe. Mtu aliyeletwa na gari huondoka na gari. Mtu aliyechaguliwa na baraza la kijiji analala hapo hapo, na asipofanya kazi, wenzake wanamuuliza.

Zoezi fupi: Mchanganyiko wa mtoto anayehara ni huu: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 visivyojaa kupita kiasi, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Chumvi isizidi. Mtu mmoja autengeneze hapa hapa na kila mtu aonje. Usiwe na chumvi kuliko machozi. Kama mnaweza kupata pakiti za ORS na vidonge vya zinki kutoka zahanati, hizo ni bora zaidi. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Akiwa amelegea, anatapika kila kitu, au kuna damu kwenye choo, msingoje: apelekwe mara moja.

SEHEMU YA TATU: MTO ULIOKUWA HAPO SIKU ZOTE

Kuna jambo lingine la Tenwek ninalopenda kuwasimulia watu wa vikundi. Hospitali bila umeme ni taabu: taa za upasuaji, mashine za kupiga picha, friji za chanjo na damu, vyote vinahitaji umeme. Jenereta za dizeli zinakula pesa. Lakini pale chini ya hospitali mto Nyangores ulikuwa unaanguka kwenye maporomoko, mchana na usiku, tangu zamani za kale.

Mwaka 1987 mtambo wa umeme wa maji ulifunguliwa pale kwenye maporomoko. Mto ukaanza kuwasha taa za wodi. Mwaka huo huo 1987 chuo cha uuguzi kikaanza, ili vijana wa Kenya wafundishwe hapo hapo. Baadaye, katika miaka ya 2000, madaktari Wakenya na wa nchi nyingine za Afrika wakaanza kufundishwa pale wawe mabingwa wa tiba ya familia na upasuaji.

Mnaona? Ile hospitali iliyokuwa na daktari mmoja kutoka ng'ambo sasa inafundisha madaktari wetu. Na umeme ulitoka katika kitu kilichokuwa mbele ya macho yao.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwetu kuna nini mbele ya macho ambacho hatujakitumia kwa afya yetu? (Fikirieni: chemchemi, muuguzi mstaafu, mwanachama mwenye bodaboda, shamba la kikundi.)
2. Ni vijana wangapi wa hapa wanasomea uuguzi au uganga? Kikundi kimewatia moyo namna gani?

SEHEMU YA NNE: HUDUMA ZA HOSPITALI KUBWA LEO

Leo Tenwek ina vitanda zaidi ya 300 na ni hospitali ya rufaa na ya kufundishia. Kuna wodi za watoto, wanaume na wanawake, uzazi, upasuaji wa aina nyingi, mifupa, macho, meno, chumba cha wagonjwa mahututi, huduma za wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na huduma ya kuwatuliza maumivu wale ambao ugonjwa wao hauponi. Maneno yao ya siku zote ni kwamba wao wanatibu, naye Yesu ndiye anayeponya. Wagonjwa hutoka mbali, kupita mipaka ya Bomet.

Nitataja magonjwa mawili tu wanayoyatibu sana pale, kwa sababu yanatufundisha jambo moja.

La kwanza ni kansa ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Sehemu za Bomet na Bonde la Ufa zinaumia sana kwa kansa hii, hata vijana wanapatwa. Dalili yake huanza kidogo: ugali unakwama, mtu anateremsha kwa maji. Baadaye hata uji unakwama, na mwili unakonda. Tenwek wana kamera ndogo ya kuangalia ndani ya umio, na kwa wale waliochelewa huweka bomba dogo la wavu wa chuma ili mtu aweze kumeza tena. Bomba hilo linarudisha chakula na heshima ya kula na wenzako, lakini haliondoi kansa. Anayekuja mapema ndiye mwenye nafasi ya kupasuliwa na kupona. Mambo yanayoongeza hatari ni tumbaku, pombe, na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wa mambo ya kansa walisema kwamba kunywa vitu vya moto kupita nyuzi 65 huenda kunaleta kansa hii. Kwa hiyo chai acheni ipoe kidogo. Na mtu anayekwamwa na chakula kwa wiki mbili asinunue dawa ya vidonda vya tumbo dukani tu, aende akaangaliwe.

La pili ni ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi. Huu huanza na koo la mtoto. Ndiyo, koo! Kuna viini vinavyoleta maumivu ya koo, na mtoto asipotibiwa anaweza kupata homa na maumivu ya viungo, halafu vali za moyo, ile milango midogo inayofunga na kufungua damu, zinaharibika. Miaka baadaye msichana anashindwa kupanda kilima, anahema, miguu inavimba. Wengine wanagunduliwa wakiwa wajawazito, na hapo ni hatari kubwa. Tenwek ni moja ya hospitali chache za vijijini zinazopasua moyo. Ni kazi ya ajabu, lakini ni ya gharama na foleni ni ndefu. Na dawa ambayo ingezuia yote hayo ni penisilini ya zahanati, iliyotolewa kwa wakati koo lilipouma.

Basi jambo lenyewe ni hili: kile ambacho hospitali kubwa inakifanya kwa kisu na kwa pesa nyingi, mara nyingi kingefanywa kijijini kwa dawa kidogo na kwa wakati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

SEHEMU YA TANO: NI MLANGO GANI WA KUBISHA?

Watu wengine wanakimbilia hospitali kubwa kwa kikohozi cha siku mbili, wanashinda kwenye foleni mchana kutwa. Wengine wanakaa na mgonjwa mahututi zahanati mpaka jua linatua. Tujue ngazi za afya Kenya:

Ngazi ya 1 ni kijiji chenyewe na wahudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali ilitoa mikoba ya vifaa kwa wahudumu kama 100,000 nchini, wakiwa na vifaa vya kupima joto, sukari na shinikizo la damu. Mhudumu wenu ni nani? Kama hamjui jina lake, hiyo ni kazi ya kwanza ya leo.
Ngazi ya 2 ni zahanati.
Ngazi ya 3 ni kituo cha afya, ambapo mama asiye na shida anaweza kujifungulia.
Ngazi ya 4 ni hospitali ya kaunti ndogo, ambapo upasuaji wa kumtoa mtoto huweza kufanyika.
Ngazi ya 5 ni hospitali ya rufaa ya kaunti. Kule Bomet, kwa mfano, serikali ya kaunti ina hospitali yake ya rufaa pale Longisa.
Ngazi ya 6 ni za taifa, kama Kenyatta kule Nairobi na ile ya Moi kule Eldoret.

Hospitali za makanisa ziko katika ngazi mbalimbali kulingana na huduma zao. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti. Kwa hiyo zahanati ikikosa dawa, mna mtu wa kumuuliza, naye ni yule mliyempigia kura.

Juu ya malipo: tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Kujiandikisha unapiga *147# kwa simu, au unasaidiwa na mhudumu wa afya. Kujiandikisha peke yake hakutoshi kwa matibabu ya hospitali kubwa. Ni lazima mchango uwe umelipwa. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, na kiasi cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Wengi hugundua hawajalipa wakiwa tayari dirishani na mgonjwa. Kikundi kinaweza kuwasaidia wanachama kuweka akiba kidogo kidogo mpaka mchango wa mwaka utimie. Na kabla hamjampeleka mgonjwa asiye wa dharura, pigeni simu muulize hospitali hiyo inakubali nini.

SEHEMU YA SITA: KUCHELEWA MARA TATU

Rudini kwenye karatasi yenu ya mwanzo. Mwaka 1994 wataalamu wawili waliochunguza vifo vya akina mama waliandika kwamba kuchelewa kuko kwa namna tatu:

1. Kuchelewa kuamua. Tungojeni kwanza. Mume hayupo. Labda ni hila za watu.
2. Kuchelewa kufika. Hakuna gari, barabara ni matope, pesa zimefungiwa.
3. Kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Hakuna damu, mhudumu hayupo, chumba cha upasuaji kimejaa.

Yule mama wa kisa chetu alikamatwa na la kwanza na la pili, hata mlango wa hospitali hakuuona. Tenwek yenyewe, na vitanda vyake vyote na mto wake wa umeme, isingeweza kumsaidia mtu ambaye hajafika. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Saa mbili! Kwetu sisi huo ni muda wa kutafuta tu mwenye gari.

Hatari za mjamzito zisizongojwa ni hizi: kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa na macho kuona giza, uso kuvimba, kifafa, maji kutoka kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza tumboni, na uchungu unaopita saa 12. Ziandikeni kwa maandishi makubwa. Na baba wazisome pia, si akina mama peke yao.

KAZI YA KIKUNDI: MPANGO WETU

Sasa fungueni daftari la mweka hazina. Angalieni mwaka uliopita: tulitoa kiasi gani kwa mazishi, na kiasi gani kwa wagonjwa wakiwa hai? Andikeni hesabu hizo mbili kando kando. Msilaumiane. Ziangalieni tu.

Sisemi tuache kuzika watu wetu kwa heshima. Nasema tu, mkono unaotoa haraka kwa jeneza ujifunze kutoa haraka kwa gari.

Kisha mkubaliane na muandike:

1. Pesa za dharura. Kiasi gani kiwekwe kando na pesa za mkopo, ambacho watu wawili waliochaguliwa wanaweza kukitoa usiku wowote bila mkutano? Wakiwa kwa simu, nani na nani? Mmoja akisafiri, nani anashika nafasi yake? Hesabu itolewe mkutano unaofuata.
2. Usafiri. Nendeni mkaongee na wenye magari wawili na wa bodaboda wawili kabla ya shida, mkubaliane bei, na walipwe hata asubuhi. Namba zao zibandikwe katika kila nyumba yenye mjamzito.
3. Uamuzi. Kila mwanachama mjamzito akubaliane na mumewe na mama mkwe mapema: dalili ikitokea, hatuulizani tena.
4. Damu. Nani kati yetu yuko tayari kutoa damu? Wajue siku na mahali pa kuchangia.
5. Kinga. Chagueni kazi moja tu kwa miezi mitatu ijayo: kulinda chemchemi moja, au vyoo kwa nyumba ambazo hazina, au kibuyu chirizi cha kunawia mikono kila boma. Moja, iishe, ndipo ije nyingine.

Karatasi hiyo itundikwe mahali mnapokutania. Baada ya miezi mitatu isomeni tena, muone ni lipi limefanyika na ni lipi limebaki maneno.

KUMALIZIA

Kile kikundi cha kisa chetu bado kipo. Sanduku bado lina kufuli tatu. Lakini pembeni kuna bahasha, na bahasha hiyo inalala nyumbani kwa mama mmoja anayeishi kando ya barabara, na kila mtu anajua mlango wake. Mara ya mwisho nilipowatembelea, alinionyesha daftari la bahasha hiyo. Majina yaliyoandikwa mle yalikuwa ya watu walio hai. Mmoja wao alikuwa ameketi karibu yangu, akimenya viazi.

Hospitali kubwa ni msaada mkubwa, na wanaofanya kazi humo wanastahili shukrani zetu. Lakini mlango wake wa kwanza hauko kule kilimani. Uko kwetu, pale mtu anaposhikwa usiku na sisi tunajua tayari la kufanya.

Kwaherini, na mkutano mwema.